Mabehewa Mawili ya Ziada: Kisa cha Stesheni ya Kijiji, Treni ya Kila Siku na Treni ya Kale

Kisa hiki nimekuwa nikikisimulia kwa mdomo kwa makarani wapya wa stesheni. Sasa nakiandika chote, kwa sababu kila kinaposimuliwa na mtu mwingine hupungukiwa na kitu, na mara nyingi kinachopungua ndicho chenye mafunzo. Majina ya stesheni, kijiji, shirika na waandaaji wa safari nimeyaondoa, pamoja na mwaka wenyewe. Mimi nilikuwa msaidizi wa stesheni masta katika zamu hiyo. Baadhi ya makosa utakayosoma ni yangu.

Usuli

Stesheni yetu iko kwenye reli ya geji (upana kati ya vyuma viwili vya reli) ya mita moja, geji ileile ambayo Wajerumani walianza kuitandika kutoka Tanga mwaka 1893 na Waingereza kutoka Mombasa mwaka 1896. Njia ni moja. Treni zinazotoka pande mbili haziwezi kupitana popote isipokuwa kwenye stesheni zenye lupu, yaani njia ya pembeni ambapo moja hujibana ili nyingine ipite. Kwetu lupu iko upande wa pili wa jukwaa. Ukisimama mlangoni pa ofisi unaiona yote, kutoka pointi (reli zinazosogezwa kuhamisha treni njia) za upande wa mjini hadi pointi za upande wa mlimani.

Zamani treni zilisimama hapa kwa sababu mbili: kupishana, na kunywesha maji vichwa vya mvuke vilivyokuwa vimechoka kupanda. Kijiji kilikuja baadaye, kikajikusanya kando ya reli: duka, kisha soko, kisha shule. Tangi la chuma lenye miguu minne bado limesimama, lakini limekauka tangu dizeli ilipochukua kazi, na bomba lake liling'olewa siku nyingi.

Treni ya abiria wa kila siku ni ya juzi tu. Dar es Salaam ilianzisha yake Oktoba 2012, Nairobi ikafungua stesheni ya Syokimau Novemba mwaka huohuo, nasi tukapata yetu baada ya hapo. Inateremka mjini alfajiri na kurudi jioni. Jumamosi hurudi mchana. Wanaoipanda ni mafundi wa ujenzi, wafanyakazi wa majumbani, wanafunzi wa vyuo, na akina mama wa mboga ambao vikapu vyao hujaza nafasi iliyo karibu na milango. Wengi hawakati tiketi dirishani. Dirisha hufunguliwa wakati foleni imeshakuwa ndefu, kwa hiyo mtu hupanda na kukatiwa tiketi ndani na kondakta. Naomba jambo hilo likumbukwe, nitalirudia.

Treni ya kale ilikuwa wazo la waandaaji wa utalii waliokodi kichwa cha mvuke kilichofufuliwa na mabehewa ya zamani yenye kuta za mbao zilizopakwa vanishi. Sina neno baya juu ya wazo hilo. Watoto wetu wanapita kando ya reli kila siku bila kujua kwamba vichwa 34 vya daraja la 59, vilivyotengenezwa na Beyer Peacock ya Manchester miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, vilikuwa miongoni mwa vichwa vyenye nguvu kuliko vyote vya geji ya mita duniani. Kimoja, 5918 Mount Gelai, kiko katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971, na mtoto akisimama kando ya magurudumu yake haelewi kwa nini kitu kikubwa hivyo kimenyamaza. Kichwa kilichokuja kwetu kilikuwa kidogo kuliko hicho, chenye tenda, yaani kigari cha kubebea maji, nyuma, ila kilikuwa hai. Kijijini walikisubiri wiki nzima.

Siku yenyewe

Waraka wa safari ulitufikia Alhamisi. Ulisema treni ya kale itakuwa na mabehewa 8, itaondoka mjini Jumamosi saa mbili asubuhi, itasimama njiani kunywa maji mara moja, na itafika kwetu saa nne na nusu. Wageni wangekula chakula cha mchana jukwaani, bauza la maji lingejaza tenda, na treni ingekuwa imeondoka saa saba na nusu, kabla ya treni ya kila siku kurudi kutoka mjini.

Ijumaa saa tatu usiku simu ililia. Wageni wameongezeka, tumeongeza mabehewa mawili. Niliipokea mimi. Niliandika kwenye kipande cha karatasi, "10 badala ya 8", nikakibandika ukutani. Sikukiingiza katika daftari la stesheni, na sikuuliza swali ambalo mtu wa zamani angeliuliza kabla ya kuweka simu chini: lupu yetu inabeba mangapi?

Asubuhi treni ya kila siku iliondoka saa kumi na mbili kamili, imejaa. Kule mjini kuunganisha mabehewa ya ziada kulichukua muda, na treni ya kale ikatoka saa tatu kasoro robo. Ili kufidia muda waliruka kituo cha maji cha njiani. Hesabu ya dereva ilikuwa kwamba maji aliyo nayo yatamfikisha kwetu, na yalimfikisha. Lakini hesabu hiyo ilikuwa ya mabehewa 8.

Ilifika saa sita kasoro dakika kumi. Tuliisikia kabla ya kuiona. Honi yake ilizunguka bonde, wanafunzi wakakimbilia uzio, na mzee mmoja aliyewahi kuwa fayamani, yaani mchochea moto wa kichwa cha mvuke, wakati huo akiwa na miaka mingi ya kustaafu, akavua kofia. Iliingia lupu polepole, ikasogea mpaka kichwa kikafika mwisho wa nafasi yake. Nilitembea kuelekea nyuma nikihesabu. Saba, nane. Behewa la tisa magurudumu yake ya nyuma yalikuwa juu ya pointi, na la kumi lilikuwa bado kwenye njia kuu. Njia ya kutoka mjini ilikuwa imezibwa.

Dawa yake ni rahisi: kichwa kisogee mbele, kivute treni nzima kupita pointi za upande wa mlimani, mkia utoke njiani. Nilirudi mbio kumwambia dereva. Akaniita juu, akanionyesha kioo cha maji kilicho mbele yake. Maji yalikuwa yanaonekana chini kabisa, upana wa kidole. Tenda lilikuwa tupu.

Kwa asiyejua mvuke nieleze kidogo. Juu ya tanuru la moto kuna bamba la chuma ambalo lazima lifunikwe na maji wakati wote. Maji yakishuka chini yake, bamba linapata moto bila kinga, linalegea, na mvuke wa juu yake unalipasua. Kuna vizibo vya madini ya risasi vinavyoyeyuka ili kuzima moto kabla ya hapo, lakini hakuna dereva mwenye akili anayesubiri kizibo kiyeyuke. Huyu alipunguza moto, akafunga breki, akasema, "Bila maji hakisogei hata hatua moja."

Bauza lilikuwa wapi? Lilikuwa limekwama barabara ya soko. Jumamosi ni siku ya gulio, mvua ilinyesha usiku, na malori ya viazi yalikuwa yamechimba tope mpaka magotini.

Saa sita na nusu stesheni masta alipiga simu chumba cha kontroo, kinachoongoza mwendo wa treni. Nilikuwa nimesimama kando yake na maneno yake nayakumbuka: "Tuna tatizo dogo la maji, linashughulikiwa." Alisema kweli. Hakusema njia imezibwa.

Saa saba treni ya kila siku ikaondoka mjini. Kontroo, wakijua kuna tatizo dogo linaloshughulikiwa, waliiruhusu ipite stesheni inayotangulia yetu. Saa nane ikasimama nje ya ishara ya kuingilia kwetu, katikati ya mteremko, jua la utosi, mabehewa 6 yamejaa watu wenye kazi ya nusu siku mgongoni.

Walikaa dakika arobaini. Kisha wakaanza kushuka. Mtu wa kwanza niliyemwona akitembea juu ya mataruma yanayobeba reli alikuwa mama mwenye kikapu kichwani na mtoto mgongoni, akivuka daraja dogo lisilo na kingo. Nilikuwa na bendera nyekundu mkononi na sikuwa na la kumwambia.

Walipofika jukwaani walikuta meza zenye vitambaa vyeupe. Wageni walikuwa wanakula.

Maamuzi na sababu zake

Mambo manne yaliamuliwa baada ya hapo, na kila moja linahitaji kutazamwa peke yake.

La kwanza lilikuwa kutosukuma. Kijana mmoja wa ufundi alipendekeza kichwa cha dizeli cha treni ya kila siku kije kwa nyuma kiisukume treni ya kale hadi mkia utoke njiani. Kwenye karatasi inawezekana. Lakini ingebidi ama kusukuma huku kimebeba mabehewa yaliyojaa watu, ama kukikata na kuyaacha mabehewa hayo kwenye mteremko yakishikwa na breki ambazo nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Stesheni masta alikataa. Abiria waliokuwa wanamfokea hawakujua kwamba alikuwa anawalinda wenzao waliobaki ndani.

La pili ni kwamba alitoka ofisini. Aliniachia simu, akavaa kofia yake ya kazi, akateremka kando ya reli hadi kwenye treni iliyosimama. Aliwaeleza abiria behewa kwa behewa kilichotokea, akiwaita mama na baba na mwanangu kama ilivyo desturi, na akaomba radhi bila kumtupia mtu mwingine. Kisha aliwaongoza waliotaka kutembea, yeye mbele na gadi, msimamizi wa treni, nyuma, kwa njia ya miguu iliyo chini ya tuta na si juu ya daraja. Hili lingepaswa kufanyika dakika arobaini mapema. Lakini lilifanyika.

La tatu lilikuwa maji ya kijiji. Karibu na jukwaa kuna kioski cha mradi wa maji, na tangi lake hujazwa kwa pampu ya umeme mara mbili kwa wiki. Mwenyekiti wa mradi alipigiwa simu akakubali, akidhani ni ndoo chache. Mpira wa kioski haukufika kwenye tenda.

La nne halikuamuliwa na mtu wa shirika. Mzee fayamani alikuwa ameketi muda wote akitazama kichwa. Alisimama, akaenda kwa akina mama waliokuwa na mitungi ya lita ishirini pale kioskini, akawaambia: "Hicho chuma kikipata mitungi hamsini, treni yenu inaingia. Kikikosa, tutalala hapa." Ikaundwa safu kutoka kioski hadi kichwani. Waliokuwa wakifoka dakika tano zilizopita wakawa wanapokezana mitungi. Baadhi ya wageni waliacha sahani zao wakaingia safuni. Mzee alikuwa juu ya tenda anamimina na kuhesabu kwa sauti, na dereva, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alikuwa anamwita "Mwalimu" bila kuambiwa na mtu.

Injekta, kifaa kinachosukuma maji ya tenda ndani ya boila, ilishika maji kwa mara ya kwanza na kutema. Mara ya pili ikalia ule mlio wake mwembamba, na maji kwenye kioo yakaanza kupanda. Dereva alisubiri yafike nusu. Hakuharakishwa.

Matokeo

Saa kumi kasoro dakika kumi treni ya kale ilisogea, mkia ukatoka kwenye pointi, na treni ya kila siku ikaingia jukwaani. Ilikuwa imesimama nje kwa karibu saa mbili. Hakuna aliyeumia isipokuwa kijana mmoja aliyeteguka kifundo cha mguu kwenye kokoto.

Jioni kioski kilikuwa kikavu. Baada ya mitungi ile bauza halikuwa bado limefika, na ili treni ya kale iweze kuteremka mjini salama ilibidi tangi la mradi limalizwe. Pampu ingewashwa Jumanne. Siku mbili nzima watu walirudi kuteka mtoni. Waandaaji walilipa umeme wa pampu baada ya wiki moja. Abiria hawakurudishiwa nauli mpaka leo, na vibarua watatu ninaowafahamu walikosa kazi ya mchana waliyokuwa wameahidiwa kijijini. Hilo bado linaniuma.

Uchambuzi

Watu wengi wakikisikia kisa hiki husema kosa ni bauza kukwama. Sikubali. Bauza lilikuwa kitu cha mwisho kuharibika. Mabehewa mawili yalizaa yote: yaliichelewesha treni mjini, kuchelewa kukawafanya waruke maji ya njiani, uzito wake ukala maji zaidi mlimani, na urefu wake ukaziba pointi. Mabadiliko moja yaliharibu mambo manne, na yalipita kwa simu ya usiku bila mtu yeyote kuandika popote panapohesabika. Kipande changu cha karatasi kilikuwa bado kimebandikwa ukutani saa ile ninakimbia na bendera.

Kosa la pili ni la maneno. "Tatizo dogo la maji" ni lugha ya mtu anayetaka asionekane ameshindwa. Kontroo hawana macho, wana masikio tu. Wangeambiwa "njia kuu imezibwa upande wa mjini, sijui itafunguka lini", treni ya kila siku ingeshikiliwa stesheni ya nyuma, yenye kivuli, choo na barabara ya mabasi. Abiria wangekasirika, lakini wangekuwa na hiari. Hakuna aliyemdanganya mwenzake siku ile. Kila mmoja alilainisha kidogo, na ulaini ule ulikwenda kuwasimamisha watu kwenye mteremko juani.

Kosa la tatu ndilo kubwa kwangu, na lilifanyika wiki nyingi kabla. Kwa nini Jumamosi? Kwa sababu daftari la mauzo ya stesheni yetu lilionyesha kwamba Jumamosi karibu hakuna abiria. Ni kweli daftari lilionyesha hivyo. Tiketi zinazokatwa ndani ya treni huandikwa kwenye hesabu ya treni, si ya stesheni, na Jumamosi dirisha letu halifunguliwi kabisa. Kwa hiyo ofisi ya mipango iliyatazama makaratasi ikaona kijiji kisichosafiri. Hakuna aliyekuja kusimama jukwaani saa kumi na moja na nusu alfajiri ahesabu vichwa vya watu. Nasi tuliokuwa tunawaona kila wiki hatukusema, kwa sababu hatukuulizwa. Stesheni ya kijiji huhesabiwa kwa kile inachouza, na ikiuza kidogo huonekana ni mahali pa kuweka meza za wageni.

Kuna waliosema baada ya hapo kwamba treni ya kale isirudi tena. Naelewa hasira yao, lakini sidhani walikuwa sahihi. Watoto waliokuwa kwenye uzio hawakuondoka hadi moshi ulipoishia bondeni. Mzee yule alikufa mwaka uliofuata, na siku ile alikuwa ameitwa Mwalimu mbele ya kijiji kilichokuwa kimesahau kazi yake. Kisa hiki hakihusu mvuke dhidi ya dizeli. Kinahusu nani anahesabiwa wakati ratiba inapangwa.

Kilichofaa ni kichache lakini ni cha nguvu. Dereva alikataa kusogea. Stesheni masta alikataa kusukuma, akaenda kwa miguu hadi kwa watu. Maamuzi yote mawili ya kukataa yalichelewesha mambo na yote mawili yalikuwa sahihi.

Safari ya pili

Baraza lilifanyika jukwaani wiki mbili baadaye. Safari iliyofuata ilikuja Jumapili, siku ambayo treni ya kila siku haipo, ikiwa na mabehewa 8. Bauza lililala stesheni. Mimi na mtu wa pointi tulipaka rangi nyeupe taruma moja kila upande wa lupu, mahali ambapo treni ikivuka inaziba njia, na idadi ya mabehewa tukaiandika kwa herufi kubwa ukutani, juu ya simu.

Si kila kitu kilikaa sawa. Jumapili si siku ya gulio, kwa hiyo akina mama waliotegemea kuwauzia wageni ndizi na maparachichi waliuza kidogo. Kanisa lililo kando ya kivuko lililalamika juu ya honi, na honi kwenye kivuko haiwezi kuachwa. Tulikubaliana ibada ianze nusu saa mapema siku hizo, ila si waumini wote walioridhika.

Mwaka uliofuata waandaaji waliomba tena Jumamosi, mabehewa 10, wakieleza kwamba wageni ni wengi na mwenye cheo serikalini atakuwepo. Safari hii stesheni masta hakupiga simu. Aliandika barua, akanipa niisome kabla ya kuituma, na nakala yake ninayo. Ina mistari mitatu. Mabehewa 8, Jumapili, maji yafike jana yake kabla ya jua kuzama. Mkiweza hayo, karibuni sana. Msipoweza, Jumamosi lupu ni ya abiria wetu.

Walikuja Jumapili.